Nguzo ya Kona Inaomba Sapoti

Mnaikumbuka ile miaka ambayo ukimuuliza mtu habari, jibu lilikuwa moja tu nchi nzima: vyuma vimekaza. Dalali vimekaza, muuza genge vimekaza, mwenye baa ndiyo kabisa. Watu wakawa wanatafutana grisi. Nami nililia pamoja nao kwa sauti, maana mtu asiyelia siku kama zile anaonekana anazo, na akionekana anazo atakopwa. Leo naleta malalamiko ya upande wa pili. Ninavyo vyuma vya urefu wa mita 1,800, nimevinunua kwa jasho langu, viko shambani Mkuranga, na kwa miezi minne mfululizo vilikataa katakata kukaza.

Nazungumzia seng'enge.

Usije ukadhani nina ranchi. Ni ekari mbili za mchanga, mihogo, mikorosho tisa, na minanasi ambayo kila mwaka inaahidi. Unatoka Mbagala Rangi Tatu, unafuata barabara ya Kilwa, unapita Kongowe, unapita Vikindu, ukifika Mkuranga unashuka na kutafuta bodaboda. Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni karani mjini. Jumamosi ni mkulima. Jumapili ni mgonjwa wa mgongo.

Adui zangu walikuwa wawili, na walikuwa wamegawana zamu vizuri kuliko walinzi wa benki. Mchana mbuzi wa jirani, usiku nguruwe pori. Mbuzi anakula kisamvu huku juu, nguruwe anafukua muhogo wenyewe kule chini, na mwenye shamba anaachiwa kile kijiti cha katikati. Nilikwenda kwa jirani kulalamika. Ni mzee wa watu, mtu wa Kisiju, aliyetengeneza mashua ujana wake wote kabla ya kuhamia huku bara kidogo na mbuzi wake. Alinisikiliza kwa upole, akanimiminia kahawa, akanipa na kashata. Kisha akasema, "Mwanangu, mbuzi hajui mpaka. Wewe unayeujua, muoneshe."

Nikarudi nyumbani nimeamua: napiga fensi.

Mama Watoto alikuwa na wazo lake. "Panda minyaa," akasema. Minyaa haitaki nguzo wala msumari. Unakata vipande, unachomeka, unaondoka. Ina utomvu mkali ambao hata mbuzi mwenye roho ngumu anaukwepa. "Babu zako walizungushia minyaa, na hakuna aliyekufa kwa presha." Nikamweleza kitaalamu kwamba minyaa inachukua miaka mpaka ishikane na kuziba.

"Kwani wewe unakwenda wapi?" akauliza.

Sikumjibu. Nikachukua bahasha ya kadi ya mchango wa harusi, nikaigeuza nyuma, nikapiga hesabu. Ekari mbili zikikaa mraba, kila upande una mita 90. Kuzunguka, mita 360. Nguzo moja kila baada ya mita 3, jumla nguzo 120. Nyuzi 5, kuanzia ule wa chini wa kumkera nguruwe hadi ule wa juu wa kumkera mwizi, ni mita 1,800 za seng'enge. Hesabu ilikaa vizuri, imenyooka, hata mwalimu wangu wa darasa la saba angeipigia vema. Ukiitazama leo utaona kwamba hakuna mahali popote kwenye bahasha ile palipoandikwa neno "kona". Kona zilikuwa nne tu. Nani ahangaike na vitu vinne wakati ana vitu 120?

Nikaenda Gerezani, Kariakoo, kununua. Muuzaji akanipima kwa macho, akaniuliza nataka geji ngapi, 16 au 12 na nusu. Mimi mtoto wa mitihani, nikachagua yenye alama nyingi. Nililipa, nikapakia, nikafika Kongowe ndipo mpiga debe mmoja aliponieleza, bila kuombwa, kwamba kwenye waya namba ikipanda waya unakonda. Nchi hii ina walimu wengi sana, tatizo lao hawakai madukani.

Hapo katikati nilisoma kidogo, ili nisionekane mshamba shambani. Seng'enge tunayoijua ilipatiwa hataza Marekani mwaka 1874, kwa jina la mkulima mmoja wa Illinois aitwaye Joseph Glidden. Inasimuliwa kwamba vile vijiba vya miba alivisokota kwa kinu cha kusagia kahawa cha nyumbani kwake. Nilimsimulia Mama Watoto habari hii ili aone kwamba hata wakulima wakubwa walianza kwa kuchezea vyombo vya jikoni. Akainuka bila kusema neno, akaenda kuifungia blenda kabatini.

Nguzo nilichukua za mkaratusi. Zile zilizokwisha kutiwa dawa kiwandani, zenye rangi ya kijani kijani, nilizitazama, nikauliza bei, nikazitazama tena kwa heshima, nikachukua mbichi. Miguu yake nikaipaka oili chafu ili mchwa waione harufu wakate tamaa. Mchwa wa Mkuranga hawakati tamaa, lakini hayo ni malalamiko ya safu nyingine.

Fundi nilipewa na kijana wa bodaboda, ambaye ni shemeji yake. Hili ningelitafakari mapema. Alikuja na nyundo, plaizi na mtaimbo wa kuazima, akatembea kuuzunguka mpaka wote mikono ikiwa nyuma kama mkuu wa wilaya anakagua mradi, akasema kazi ni ya siku nne. Tukaanza na mashimo. Wataalamu wa fensi wanasema theluthi ya nguzo iwe ardhini, kwa hiyo nguzo ya mita 2.4 inatakiwa izame sentimita 80. Fundi wangu alipima kwa goti. Na ni mfupi.

Tulipofika kwenye kona akasimama, akajifuta jasho, akasema, "Hapa boss tutaweka sapoti."

Lazima nikiri, neno hilo lilinistua. Siku hizi sapoti ni neno la kwenye simu, likitokea tu ujue salio linaaga. Kuna sapoti ya harusi, ya kipaimara, ya msiba, ya aliyepata ajali na ya aliyemgonga. Nimo kwenye makundi sita ya sapoti na sijawahi kuoa mara sita. Kwa hiyo nilipolisikia shambani, mkono ulikwenda wenyewe mfukoni kuficha simu. Kumbe alimaanisha gogo. Mwega. Mti wa kuegemeza nguzo ya kona isianguke. Nikapumua, nikamwambia weka sapoti, weka hata mbili.

Akaweka moja kila kona. Akaiweka kwa nje.

Nami niliona sawa, sitamtupia lawama zote. Nyumba ya bibi yangu, ukuta wake ulipoanza kuinama, tuliutia mti kwa nje, ukakaa miaka. Kichwani kwangu sapoti ni kitu cha nje, kinachosimama uani na kusukuma. Tulirudi nyuma hatua kadhaa, tukazitazama kona zetu nne zikiwa na miti imeegemea, tukapendeza mpaka tukapiga picha.

Kisha fundi akatembeza waya wa kwanza upande wa mashariki, nguzo kwa nguzo, na kwenye kila nguzo akapiga msumari wa U, akauzamisha mpaka waya ukabanwa kwenye mti kama kibaka aliyekamatwa sokoni. Nyuzi tano, nguzo 31 za upande ule. Hapo ndipo akatangaza: "Sasa tunakaza."

Alikaza kwa mtaimbo. Unaunasa waya kwenye mtaimbo, unauegemeza mtaimbo kwenye nguzo ya mwisho, unavuta huku umeng'ata meno. Ile nafasi ya mwisho, kati ya nguzo ya 30 na ya 31, ilikaza vizuri sana, ukiigusa inalia. Iliyofuata ilikuwa legelege. Ya tatu ungeweza kuanikia nguo. Kuanzia ya nne kwenda mbele, mbuzi angepita na mwamvuli. Maana waya uliobanwa kila nguzo hautembei. Wewe unavuta mita 3 za mwisho, zile 87 nyingine zimelala hazina habari, kama vile waraka kutoka Dodoma ambao haujafika wilayani. Misumari ya nguzo za kati inatakiwa iachwe na upenyo, waya upite ndani yake kama uzi kwenye tundu la sindano. Hata ukishakazwa unaachwa hivyo hivyo, ili ng'ombe akijigonga, mshtuko uenee mstari mzima badala ya kukata waya mahali pamoja.

Haya nayajua leo. Siku ile nilichojua ni kwamba tulitumia Jumamosi mbili kung'oa misumari tuliyotumia Jumamosi moja kuipigilia, na msumari wa U ukizama kwenye mkaratusi mbichi hautoki kwa maneno matamu.

Baada ya hapo mtaimbo ukaonekana hauna nguvu. Kuna kifaa maalumu cha kukazia waya, kina meno na mkono wa kupampu, kinatembea kwenye waya hatua kwa hatua. Nilikiona Gerezani. Niliuliza bei yake kwa ile heshima niliyokwisha kuitaja. Fundi akasema cha nini, shemeji yupo na pikipiki.

Sasa naomba mnifikirie pale. Waya mmoja umefungwa kwenye nguzo ya kona ya kaskazini. Umepita nguzo zote kwa uhuru, umefika kona ya kusini, umepitiliza, na ncha yake imefungwa kwenye keria ya bodaboda iliyoandikwa nyuma "Mungu Hamtupi Mja Wake". Shemeji amekaa juu yake amevaa helmeti, kitu ambacho sijawahi kumwona akikivaa akiwa na abiria. Fundi yuko katikati na nyundo. Mimi nimewekwa kona ya kaskazini, kazi yangu kupiga kelele waya ukishakaza. Hakuna aliyenieleza kwamba seng'enge ikikatika ikiwa imevutwa inarudi kama mjeledi wenye misumari. Haikukatika, lakini hiyo ilikuwa huruma ya Mungu wa kwenye keria, si akili zetu.

Shemeji akatia gia ya kwanza. Waya ukainuka kutoka kwenye majani, ukanyooka, ukatetemeka. Nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu mshahara wa kwanza. Nikapiga kelele, "Umekaza!" Yeye, akiwa na helmeti, akasikia "Ongeza!"

Nguzo ya kona iliinamisha kichwa, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Ile sapoti yetu ya nje iliyokuwa imeegemea, ilipoona iliyemwegemea anaondoka, ikabaki inaning'inia kwenye msumari mmoja sekunde mbili tatu, kisha ikalala chini taratibu. Mchanga ukafunguka. Nguzo ikatoka na oili yake chafu, ikaanguka ndani ya shamba, ikaanza kumfuata bodaboda kwa kuburuzika kama mtu anayemdai. Ilikata miche ya minanasi mistari miwili kabla fundi hajarusha nyundo kumsimamisha shemeji yake.

Tuliposhusha pumzi, nikasikia mtu anakohoa. Yule mzee wa Kisiju alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mkorosho wangu, na mbuzi wake wanne, kwa muda ambao sikutaka kuuliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja maana nyundo zako zinanikosesha usingizi wa mchana mwezi wa pili huu." Akainuka, akaja mpaka kwenye lile shimo, akalitazama. "Nguzo yako ilikuwa inakwenda wapi?"

"Imeanguka, mzee."

"Kuanguka nimekuona. Nakuuliza imeangukia wapi?"

"Ndani."

"Na gadi yako uliiweka wapi?"

Gadi ni ile miti wanayotegemezea chombo kisilale ubavu kikiwa nchi kavu. Nikaielewa. "Nje," nikasema, kwa sauti iliyopungua.

Akanyamaza muda mrefu kidogo. "Mashua ikiwa juu ya mchanga inalalia kushoto, gadi unaitia upande gani?"

"Kushoto."

"Nani kakufundisha?"

"Nimebahatisha tu, mzee."

"Basi na hapa ungebahatisha."

Nataka niseme wazi kwamba hakuna kitu kinachouma kama kufundishwa kujenga uzio na mwenye mbuzi ambao uzio unajengwa kwa ajili yao. Lakini alikuwa na haki. Waya mmoja uliokazwa sawasawa unavuta kwa nguvu ya kama kilo 100. Nyuzi tano ni nusu tani. Yaani umeitundikia nguzo ya kona magunia matano ya mahindi, usiku na mchana, mvua na jua, na yote yanaivuta kuelekea shambani. Zile nguzo 116 za katikati hazivutwi popote, kazi yao ni kushikilia waya usilale, kama wajumbe wa kamati. Mzigo wote uko kwa wale wanne wa pembeni ambao sikuwaandika kwenye bahasha. Na kwa kuwa kona inavutwa kwa mistari miwili, inataka miega miwili, kila mmoja ndani ya mstari wa waya wake, ukiisukuma nguzo irudi ilikotoka.

Tulianza upya. Mashimo safari hii tuliyapima kwa futi, si kwa goti, na udongo tuliurudisha kidogo kidogo, tukimwagia maji na kuushindilia kwa kitako cha mtaimbo. Mchanga ukimwagwa wote kwa mara moja halafu ukakanyagwa juu kwa raba, umemzika tu mtu ambaye atafufuka.

Miega ikawekwa kwa ndani. Ila magogo yaliyobaki yalikuwa mafupi, na mimi nilikuwa nimeapa sitoi hela nyingine mwezi ule, kwa hiyo tuliyasimamisha karibu karibu na nguzo, wima wima. Tukakaza. Nguzo haikulala. Nikaanza kushangilia. Kisha nikaona inarefuka. Wallahi inarefuka, huku nikiitazama! Mwega uliosimama wima, nguzo ikiusukuma, unaibeba juu. Ilikuwa inang'oka kama jino la mtoto.

Mzee, kutoka kwenye kivuli chake: "Sasa umetia jeki."

Nikanunua magogo marefu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha namna ambayo fensi za watu wenye hela zinafungwa, kwa maneno ya kamba na mashua. Unachukua gogo refu, mita 3, unalilaza juu kati ya nguzo ya kona na nguzo ya pili, likae kama mwamba wa goli. Kisha unachukua waya laini, unauzungusha kutoka kichwani mwa nguzo ya pili, unashuka nao kwa mshazari mpaka mguuni pa nguzo ya kona, unaurudisha. Katikati unapenyeza kijiti, unakizungusha, waya unajisokota na kujikaza mpaka nguzo zinalia. Unakifunga kijiti kwenye gogo kisirudi. Basi.

Fundi alianza kuufunga waya ule kinyume, kutoka kichwani mwa nguzo ya kona. Mzee akakohoa. Fundi akafungua.

Nilikaa chini ya mkorosho nikiuwaza mpango huo, maana ulinionea. Kona inataka kuinamisha kichwa ndani. Kichwa chake kinalisukuma gogo, gogo linakisukuma kichwa cha nguzo ya pili. Nguzo ya pili nayo ingeinama, ila imefungwa kichwa kwenye mguu wa ile kona inayoisukuma. Kwa hiyo kona ikizidi kuvutwa, inazidi kujishika mguu yenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kuona mashua asingewaza ujanja huu, au labda angewaza kama asingekuwa anapigia hesabu kwenye bahasha za harusi.

Kona nne, kila kona pande mbili, magogo manane ya kulaza, waya laini, vijiti, na fundi ambaye siku zake nne sasa zilikuwa na wajukuu. Na kifaa cha kukazia nikakinunua, kwa sababu Mama Watoto alisema nikimrudisha yule kijana wa bodaboda, yeye anarudi kwao Korogwe.

Tulikaza alfajiri moja ya mwezi wa saba, kuna kaumande na kaubaridi kale ka Pwani kanakokufanya uvae sweta kwa ushamba. Waya ukiugonga kwa kidole unaimba. Nikatembea mstari wote nikiupiga kama mpiga gita la solo. Saa saba mchana nikarudi kuupiga tena, haukuimba. Ulikuwa umelegea. Nilimpigia fundi simu, nikamwambia maneno ambayo hayaandikwi kwenye safu inayosomwa na watoto. Jioni jua lilipozama, nikapita tena kuaga, waya unaimba. Kumbe chuma kinarefuka kwa joto. Mita 90 za waya, zikipashwa na jua kwa nyuzi 20 zaidi ya alfajiri, zinaongezeka zaidi kidogo ya sentimita 2, na sentimita 2 kwenye waya zinaonekana kama matusi. Sikumpigia fundi kuomba radhi. Ana madeni mengine kwangu, tumefutiana.

Siku ya ukaguzi rasmi, dume la mbuzi lenye ndevu, kiongozi wao, lilikuja mpaka kwenye mstari wa mashariki. Likaingiza pua kati ya uzi wa tatu na wa nne. Likasukuma. Zamani waya ungefunguka kama pazia. Safari hii waya ulilisukuma na wenyewe. Likatoa kichwa, likanitazama kwa dharau fulani hivi, likaenda kujaribu nguzo inayofuata, na inayofuata, upande wote, mita 90, kama askari wa usalama barabarani anayetafuta kosa. Halikulipata. Mzee wa Kisiju alikuwa amesimama upande wake wa mpaka, fimbo mkononi.

"Ameujua," akasema, na akaondoka nao. Nikaona kama kasikitika kidogo. Sasa itabidi awachunge.

Nguruwe pori wao hawakuja kukagua waya. Walikuja usiku wa Jumatano, wakafika kwenye uzi wa chini, wakauheshimu kabisa, wakachimba mchanga chini yake, wakapita, wakala mistari mitatu ya muhogo, na wakatoka kwa tundu hilo hilo bila kugusa hata msumari. Uzio haukutikisika. Kona zangu zote nne zilikuwa wima kama gwaride.

Jumamosi iliyofuata Mama Watoto alikuja na mimi shambani, kwa mara ya kwanza tangu ujenzi uanze. Alikuwa na kiroba. Hakuniambia kina nini, nami sikuuliza. Alianza kona ya kaskazini, akipiga tundu kwa ncha ya panga na kuchomeka kijiti cha kijani, hatua moja, kingine, hatua moja, kingine, chini kabisa ya seng'enge yangu ya geji 16. Nilimsaidia kubeba maji. Utomvu ulinirukia karibu na jicho akanifokea kama vile mimi ndiye niliyeipanda.

Usiku ule nimejinyoosha kwenye mkeka, mgongo unauma, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa fundi.

"Boss habari za jioni. Mtoto anaanza fomu wani, naomba sapoti yako."

Nikafikiri kidogo, nikamwandikia: "Niiweke ndani au nje?"

Kimya. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Weka M-Pesa boss. Na ya kutolea."